Mzee Eliamani na Fomu ya Kiswahili

Siku yangu ya kwanza katika kitengo cha utengamao, pale wagonjwa wanaposaidiwa kurudisha uwezo walioupoteza, Metroni alinikabidhi fomu na kisanduku cha mbao. Ndani mlikuwa na kijiko, kitana, ufunguo, kiberiti na kalamu. Nilidhani ni vitu vilivyosahauliwa na mgonjwa.

"Hivyo ndivyo vipimo vyako," akasema. "Na ufunguo usinipotezee, ni wa kabati la chai."

Kiharusi kikipiga sehemu ya ubongo inayoshughulika na lugha, mtu hupata afasia: akili ipo, ila maneno hayatoki au hayaingii. Kazi yangu ilikuwa kupima ukubwa wa athari hiyo. Nilimwonyesha mgonjwa kitu akitaje, nikampa maagizo kama kufumba macho, nikamsomea sentensi airudie, kisha tukazungumza kidogo. Nikishajumlisha alama naandika: hafifu, wastani au kali. Neno hilo moja liliamua mengi. Tulikuwa wauguzi wawili tu, kwa hiyo mazoezi ya kuongea walipewa wa hafifu na wastani. Wa kali tuliwarudisha nyumbani.

Hospitali hiyo, ambayo sitaitaja, ilikuwa mlimani, na wagonjwa wengi walikuwa Wapare wenzangu. Mimi ni mtu wa Suji, Chasu, yaani Kipare, nimezaliwa nacho. Wiki ya pili nikamuuliza Metroni kama naweza kupima kwa Chasu.

"Fomu haina kabila, sista. Kesho atapanda mfugaji kutoka tambarare, umpime kwa Kimaasai. Utaweza?"

Nikasema sitaweza, yakaisha. Na kusema kweli nilifurahi kidogo. Nilikuwa nimetoka chuoni, nikaona Kiswahili changu safi kinanipa hadhi mbele ya watu wa kwetu.

Ndipo akaletwa Mzee Eliamani, mkulima wa tangawizi na mzee wa kanisa. Mkewe, Bibi Nakunda, alikuwa pembeni yake. Nilijua mzee husoma matangazo ya ibada kwa Kiswahili, kwa hiyo sikuwa na wasiwasi. Nikamwonyesha kijiko, akanitazama. Kitana, kimya. Nikamwambia afumbe macho. Hakuyafumba, yakamlengalenga machozi.

"Mwanangu," Bibi Nakunda akasema, "mjaribu kwa Chasu. Nyumbani hiki Kiswahili hatukitumii."

"Mama, tuachie kazi yetu," nikamjibu.

Nikaandika: kali, haelewi anachoambiwa. Mganga Mfawidhi, daktari mkuu wa hospitali, akatia sahihi bila kuinua kichwa, na mzee akarudishwa kwao na karatasi yake.

Baadaye nikahamishiwa Same mjini. Mwaka wa pili nikapanda kumzika shangazi, nikapita kwa Mzee Eliamani kumjulia hali. Niliwakuta barazani wanachambua tangawizi. Bibi Nakunda alikuwa akimuuliza kwa Chasu ipi inafaa kwa mbegu, naye anajibu polepole, neno moja moja: hii, hiyo imeoza, hii. Nikamuuliza bibi amerudije kuongea.

"Nilimfundisha mwenyewe, kama nilivyowafundisha wanangu," bibi akaniambia, wala hakuwa na hasira. "Ila binti yetu aliolewa mwaka jana. Karatasi yenu ilisema baba yake haelewi, basi ukoo ukamweka baba yake mdogo atoe baraka. Mzee mwenyewe alikuwa amekaa palepale, anasikia kila neno."

Nikachuchumaa mbele ya mzee. Nikamwamkia kwa Chasu, nikamwomba msamaha kwa Chasu.

"Kumbe na wewe," mzee akasema kwa lugha yetu, "unaongea."

Tangu siku hiyo kila mgonjwa nilimpima pia kwa lugha ya nyumbani kwake. Akija mfugaji wa Kimaasai nilimtafutia ndugu wa kutufasiria, na alama hizo nikaziandika kwa mkono pembeni mwa fomu. Mganga Mfawidhi wa huku Same alinifokea mara mbili kwa kuchafua fomu, ya tatu akazoea. Hayo hayaniondolei majuto. Alama nilizisahihisha, lakini baraka ya mzee kwa binti yake nimeila mimi.

Sasa nimestaafu. Ninyi mnaoingia kazini na tableti zenu, kabla ya kuonyesha picha yoyote ulizeni huyu mtu nyumbani kwake wanaongea nini, na mkewe akisema neno, msikilizeni.

Mwezi uliopita presha ilinipanda, mkono ukafa ganzi asubuhi nzima. Nikamwita binti yangu, ninayeishi naye hapa Same, nikamwambia kiharusi kikinipata, awaambie wanipime kwa Chasu.

"Sawa, mama," akasema. "Ila mimi nitajuaje kama umejibu sawa?"

Nilimlea kwa Kiswahili safi. Chasu hakijui hata salamu.