Chumvi Iliyoenda Kola

Mashine ikiharibika katika nyumba yenye mfanyakazi, unamshuku nani kwanza? Jibu kweli. Muthoka amekuwa fundi wa vyombo vya umeme Machakos miaka kumi na tisa, na mara nyingi alipofika alikuta mkosaji ameshapatikana, jikoni, amevaa aproni.

Alhamisi hiyo aliitwa kwa Nthenya, karani wa ofisi, mama yake Henry. Mashine yake ya kuosha vyombo, zawadi ya kaka aliye ng'ambo, ilikuwa ikichemka kupita kiasi hadi vifuniko vya plastiki vikajikunja kama masikio ya mbuzi. Mlangoni pa jikoni palikuwa na begi limefungwa. Kando yake alisimama Kamanthe, mama wa makamo aliyemlea Henry tangu akiwa mchanga.

"Kesho anarudi kwao Kathiani," Nthenya alisema. "Wewe niambie tu ni wapi ameharibu."

Muthoka hatulii penye shutuma. Alianza kupiga mluzi, wimbo wa kanisa, kwa kasi isiyo ya kanisa. Kwanza akashika paipu ya kuingiza maji, maana mafundi wa bomba hupenda kuunganisha kila kitu na maji moto ya sola. Ilikuwa baridi. Akaiwasha mashine, akaisimamisha katikati, akatumbukiza kipimajoto. Nyuzi themanini na mbili, mahali pa sitini na tano. Basi hita ilikuwa nzima. Kilicholala ni kile cha kuiambia iache.

Akaichomoa kwenye umeme, akailaza, akafungua chini. Kile kijichuma kinachopima joto kilikuwa kimevaa gamba jeupe, gumu kama ganda la yai.

"Ona," alisema. "Ni kama kumpima mtoto homa juu ya sweta. Hii ni chokaa ya maji ya kisima. Mnawekea mashine chumvi?"

Kamanthe alicheka kwa mara ya kwanza. "Chumvi tena? Fundi, maji ya hapa iko na munyu yake. Mboga napika bila kuongeza."

"Hii ni ingine, mwaitu, mama yangu. Inalainisha maji. Ni ya mawe mawe, huja na mashine."

Kamanthe alimtazama Nthenya. Nthenya akatazama dirisha.

"Ile ya mfuko wa bluu," Kamanthe alisema polepole. "Ilienda Kola, kijijini kwao. Mama Henry alipelekea mama yake. Ya ng'ombe."

Mluzi ulikatika.

"Sasa ningejuaje?" Nthenya alisema. "Chumvi ya mawe si ni ya ng'ombe? Na kitabu chenyewe ni Kijerumani."

"Hungejua, mama. Na yeye pia hangejua. Umeniuliza ni wapi ameharibu. Hajaharibu. Hilo begi lifunguliwe."

"Fundi, tengeneza mashine. Ya nyumba yangu niachie."

Aliitengeneza. Alimimina siki, akaizungusha mara mbili, gamba likalegea likatoka. Kipimajoto kikasoma sitini na sita. Akawaonyesha tundu la kutilia chumvi, akawaambia ile ya mashine huuzwa supamaketi. Alipoondoka, begi lilikuwa palepale.

Jioni chai ilipoa mbele yake. Aliketi, akainuka, akafungua mlango, akaufunga. Redio iliyokuwa nzima aliifungua skrubu zote.

"Umesema ulilosema," mkewe Ndila alimwambia. "Ile ni nyumba ya watu."

"Na lile ni begi la mtu."

"Basi kaa chini, unanizungusha kichwa."

Hakukaa. Miaka kumi na tisa alikuwa akitengeneza mashine na kuwaacha watu walivyo, na usiku huo alianza kuzihesabu nyumba hizo.

Asubuhi alirudi, eti amesahau bisibisi. Kweli aliiacha, lakini aliiacha makusudi. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Nthenya, amevaa suti ya kazini, alikuwa amepiga magoti mbele ya mashine, ameshikilia chupa ya soda iliyokatwa ikawa faneli. Kamanthe alisimama juu yake akimimina chumvi kutoka pakiti mpya.

"Shika sawa, Mama Henry. Usimwage. Hii si ya ng'ombe."

Nyuma ya nyumba, kwenye kamba ya nguo, begi lilikuwa limeanikwa kichwa chini, tupu, limefuliwa, likidondosha maji.