Blanketi la Nili Linalonuka Sabuni

Saa kumi na mbili asubuhi, sokoni Hirosaki, kaskazini mwa Japani, Tazue Narita amezamisha pua kwenye blanketi la viraka. Ananusa. Analowesha ncha ya leso nyeupe kwa mate, anasugua blanketi kuona kama rangi inatoka, anaitazama leso kwenye mwanga, kisha ananusa tena.

"Linanuka sabuni," ananinong'oneza. "Kitu cha miaka mia kitanukaje sabuni?"

Tazue, 63, anauza vitambaa vya kale vya wakulima vilivyotiwa rangi ya nili, ambavyo siku hizi wakusanyaji huvinunua kwa bei ghali. Haamini mtu. Mwaka juzi aliuziwa koti kuukuu kwa yen laki tatu, kumbe lilikuwa jipya, limechovywa kwenye chai. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

"Siku hizi umaskini unatengenezwa," anasema. "Wanachana kitambaa kizima, wanatia viraka, halafu wanakuuzia njaa ambayo bibi zao hawakuilala."

Vitambaa halisi vimeadimika. Mwaka huu hajapata hata kimoja, na asipopata kabla ya theluji, atafunga kibanda.

Mwenye blanketi, Bibi Yasu Kasai, mjane mwenye shamba la matofaa, anasubiri juu ya ndoo iliyopinduliwa. Tazue analigeuza. Nili imefifia pale pale panapolaliwa na mabega. Lakini matundu yote yamezibwa kwa uzi mpya.

"Bibi, hili umelitoa wapi?"

"Nyumbani. Alilishona mama mkwe."

"Na uzi huu wa dukani, nao aliununua mama mkwe?"

Bibi Yasu anaufunika uzi kwa kiganja.

"Bibi yangu, mimi si mtoto. Kawauzie watalii."

Kikongwe anasimama, analikunja blanketi taratibu. "Uzi ni wangu. Nimelifua mara mbili, nikaziba matundu jana. Ulitaka nilianike sokoni hivyo hivyo, watu waone tulivyokuwa tunalala?"

Tazue anaomba radhi, anainama, anataja bei nzuri. Bibi hageuki.

"Litauzwa, mwanangu. Ila si kwako."

Ni aibu iliyoje. Tazue amezaliwa kwenye milima ile ile anakotoka Bibi Yasu, na anajua hakuna bibi wa huko anayetoa tambara nje bila kulifua.

Jumapili atapanda basi kwenda shambani kwa Bibi Yasu, ingawa hana hakika kama atafunguliwa mlango.

"Bei sitaitaja," anasema. "Nitamwambia kwamba na sisi tulilalia matambara, na mama aliyachoma yote asubuhi wakwe walipokuja kunichumbia. Hata mume wangu hajui. Atayasoma haya hapa gazetini."