Chupa ya Kimea Mbele ya Wazee

Recheli alizaliwa Tura, kijiji cha reli, na kabla hajajua kusoma alishajua kukimbia sambamba na treni, beseni la mayai ya kuchemsha kichwani. Kazi ile ilimfundisha mambo mawili: abiria hangoji, na akishaondoka hakukumbuki. La pili mumewe alikuja kumthibitishia. Alipanda treni ya Mwanza kwenda kununua mpunga, akashuka Bukene, akaoa huko.

Recheli akabaki Tabora, walikohamia baada ya ndoa, na kazi ya baa. Mji huu umepokea wapita njia tangu enzi za misafara ya pembe, na sikuzote palikuwa na mtu wa kuwamiminia kinywaji, na wengine wa kumtukana anayemimina. Kanisa lao halikutaka pombe hata kwa harufu. Alipoanza kuwafungulia watu chupa kwa mkono wake, wazee wakamtenga na meza ya Bwana. Miaka ikapita. Kila Jumapili ya chakula kitakatifu wenzake walisimama kwenda mbele, yeye akabaki benchi la nyuma, mikono mapajani. Aliijua migongo ya washarika kuliko nyuso zao.

Mwaka huu Mathias, mwenye baa, akaongeza upande wa mbele: meza za chakula, jokofu la soda, mlango wa barabarani. Baa ikabaki nyuma, na mlangoni pake kikatundikwa kibao cha kuwakataza walio chini ya miaka kumi na minane. Recheli akaomba kuhamia mbele. Wazee wakajadili, wakasema: kama hashiki pombe tena, Jumapili ya kipaimara atarudishwa kundini. Jioni hiyo hiyo alilitoa sandukuni gauni lake jeupe, akalipeleka kwa dobi.

Jumapili hiyo ilikuwa imekaribia Doto alipoingia hotelini. Alikuwa binti wa Mzee Mahona, mzee wa kanisa mwenye sauti kubwa kuliko wote, na mwenyewe alikuwa darasa la kipaimara. Alitoka hospitali, Kitete, kumpelekea bibi yake uji.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Soda gani?"

"Nataka ile ya kimea, isiyo na kilevi. Darasani wote wameionja isipokuwa mimi."

Recheli akaisoma chupa, akairudia. Kilevi hakuna. Lakini chupa ilikuwa ya kijani, shingo ndefu, mfano wa ile ya bia. Hakuipenda sura yake. Hata hivyo mtoto alikuwa anatoka jasho, amekaa upande unaoruhusiwa, ameomba kinachoruhusiwa. Akaifungua mbele ya macho yake, kama chupa yoyote ifunguliwavyo, akaitia mrija ili ionekane soda.

Mrija haukusaidia. Mzee Mahona alikuwa anapita na baiskeli. Aliona shingo ya chupa, akaona midomo ya mwanawe, hakuhitaji kuona zaidi.

"Unamnywesha mwanangu bia!"

"Mzee, soma hapa."

"Nisome maandishi ya walevi?"

Kelele zikamtoa Hilari, mnywaji wa kila siku, kutoka nyuma. Akaichukua chupa, akachomoa mrija, akaonja, akakunja uso. "Mzee, hii ni maji ya sukari. Ingekuwa bia, ungeona nairudisha?"

Baa nzima ikacheka. Kicheko kile kilimharibia Recheli kuliko matusi.

Alipoitwa barazani alikwenda na chupa nyingine ya aina ile ile, ameifunga ndani ya kanga. Wazee walikuwa wamekaa upande mmoja wa meza, mchungaji katikati yao. Hakuna aliyemwonyesha kiti.

"Shahidi wako ni Hilari?" Mahona aliuliza. "Mlevi amshuhudie mwenye kumlewesha. Kesi imekwisha."

"Basi aulizwe mtoto."

Doto, aliyeletwa na baba yake, akasimama. "Haikuwa pombe, baba."

"Umejuaje? Kwani pombe unaijua?"

Doto akafungua mdomo, akaufunga. Akisema anaijua, ameangamia. Akisema haijui, maneno yake hayafai. Akaketi.

Recheli akaiweka chupa mezani. "Kwetu Tura anayekukaribisha pombe huonja kwanza, ujue hakukuwekea kitu. Leo onjeni ninyi. Tone moja tu kwenye ulimi."

Hakuna aliyenyoosha mkono. Mzee mmoja alisogeza kiti nyuma, kana kwamba chupa ingeuma. Mchungaji akasema polepole kwamba yeye angeonja, ila watu wangesemaje.

"Walio tayari kuonja hamuwasadiki," Recheli akasema, "na mnaosadikiwa hamuonji. Sasa ukweli wangu upite wapi?"

"Upite mlangoni," Mahona akajibu. "Mlango huo hapo."

Recheli akaing'oa kizibo ile chupa kwa meno, akainywa yote amesimama, povu likimchuruzika kidevuni. Kisha akavuta kiti, akakaa mbele yao.

"Ngojeni nilewe."

Wakangoja kweli. Watu wazima, mikono imekunjwa, wakimchungulia macho kama wapima homa. Nzi akatua kwenye shingo ya chupa. Mwadhini wa mtaa wa pili akaadhini, akamaliza. Recheli akainuka, akatembea juu ya ufa wa sakafu kutoka ukuta hadi ukuta, akarudi, hakuyumba.

"Aliyezoea halewi," akasema Mahona.

Mchungaji akashusha macho. Wakaamua atengwe mwaka mwingine.

Recheli akachukua chupa tupu. Ilikuwa ya kurudishwa kwenye kreti. Mlangoni akageuka. "Miaka yote hii naililia meza hiyo. Nilidhani anayenikaribisha ni Bwana. Kumbe ni Mzee Mahona."

Jumapili alivaa gauni lake jeupe, limenyooka kwa pasi ya dobi, akaenda kazini.

"Bibi harusi huyo!" Hilari akapiga kelele. "Bwana harusi yuko wapi?"

"Bukene. Nyamaza unywe."

Kwaya ikasikika, na msafara wa kipaimara ukapita barabarani. Doto alikuwa ndani ya mstari, kitambaa cheupe kichwani. Alipofika usawa wa mlango aligeuza uso, midomo ikaanza neno. Baba yake, aliyetembea kando, akamshika bega akamgeuza mbele.

Recheli akaitazama migongo yao mpaka vumbi likatulia. Kisha akamwambia Mathias atafute mtu mwingine wa soda, akapita chini ya kibao kwenda nyuma, akatungua kifungulio msumarini, akauliza nani anataka bia ya baridi na nani anataka ya moto.