Karatasi Inayosubiri Mabao ya Italia

Nilikuwa dukani Al-Dirah, Riyadh, nikinunua chaja ya nne mwaka huu, maana tatu nimezisahau hotelini. Televisheni ya duka ilikuwa ikionyesha msimamo wa ligi ya Italia. Dada mmoja Mkenya, mfanyakazi wa nyumbani, aliisogelea akagusa timu ya saba kwa kidole.

"Walishinda, wakatoka sare, wakafungwa, juzi wakashinda," alisema akikunja vidole. "Bado moja tu."

Nikajifanya profesa. "Tulia, dada. Kocha ni mpya. Wanataka ubingwa baada ya miaka mitatu."

"Miaka mitatu!" Akashika kichwa. "Mzee, mamangu ni mgonjwa. Baba mwenye nyumba, yule kafili wangu, mwajiri anayenidhamini hapa, ameapa atanisainia karatasi ya kwenda nyumbani wakishinda mbili mfululizo. Mpira wenyewe hata siujui."

Nilicheka, nikidhani ni utani. Yeye hakucheka. Chaja ikanidondoka.

"Jumapili wanacheza na nani?"

Akanionyesha. Ilikuwa timu yangu, ninayoishabikia tangu nikiwa na nywele.

"Yalla!" madam wake akaita kutoka duka la jirani, naye akatoka mbio.

Miaka yote nimejigamba kwamba hakuna anayeteswa na mpira wa Italia kama mimi. Jumapili tulifungwa mbili bila. Nilishangilia mpaka jirani akagonga ukuta, na hadi leo sijui kama yule baba alishika kalamu.