Herufi za Nyuma ya Pikapu

Nikisikia harufu ya mafuta ya taa kwenye kitambaa, naiona pikapu ya kijiji chetu cha ujamaa, iliyotuletea chumvi na mbegu kutoka Mwanza. Mwenyekiti alitaka herufi za kiwanda zilizobandikwa nyuma zitolewe, pachorwe jina la kijiji. Baba ndiye alikuwa dereva. Aliambiwa rangi ikichubuka, usukani atapewa mwingine.

Akaanza kuzikwangua kwa bisibisi.

"Baba watoto, unaparua magamba ya sato?" mama akamuuliza. Alikuwa kivulini, anashona nyavu. Akakata uzi, akauchovya kwenye mafuta ya taa, akaupitisha nyuma ya herufi na kuuvuta huku na huku kama msumeno. Gundi ikalainika, herufi ikaanguka mchangani. Wakaendelea hivyo hadi ya mwisho, mimi nimebana pumzi.

Baba akafuta bati kwa kitambaa. Mwenyekiti alipokuja kukagua, akainama, akapitisha kiganja taratibu, hakukuta mkwaruzo.

"Haya dereva, kesho mapema uende Mwanza, pale Kirumba, ukatuletee chumvi."

"Ndiyo, mzee."

Mwenyekiti alipoondoka, baba alikaa chini palepale, miguu ameinyoosha kama mtoto. Mama akamletea maji kwenye kata.

"Kunywa, dereva," akasema, na baba akanywa mpaka shati likalowa.