Unga Uliozuiwa Kati ya Mageti Mawili

Nimewahi kuishi siku ishirini na mbili mahali ambapo si nchi yoyote.

Msinicheke. Mimi ni dereva wa lori. Geti la kwetu lilishanigongea mhuri wa kutoka, geti la jirani likagoma kuniingiza. Katikati pana lami ya mita mia tatu, choo kimoja na jua.

Nilikuwa nimebeba unga wa mahindi wa shule anakopika dada yangu, huko ng'ambo. Watoto mia nne. Mazao yao yalikufa, madukani unga hamna, na stoo yake ilibaki na wa siku tano.

Afisa wa upande wa pili akakisoma cheti changu cha maabara mara mbili.

"Hapa wameandika GMO chini ya asilimia moja."

"Ndiyo, mkuu. Sheria ya kwetu inataka hivyo."

"Ya kwetu inataka isiwepo kabisa. Hiyo chini ya moja ni ngapi?"

Mimi nashika usukani, hayo mambo ya GMO, mahindi yaliyobadilishwa vinasaba, nitayajulia wapi?

Akachota unga kidogo kwenye kimfuko, eti ukapimwe upya. "Vumilia. Wakubwa wa nchi zote mbili wako hotelini wanaoanisha sheria. Wakimaliza, cheti kitakuwa kimoja."

Kikao kikaisha siku ya tatu. Walikubaliana tarehe ya kikao kijacho.

Siku ya sita dada akapiga. "Kaka, leo uji nimeukoroga mwepesi mpaka naona chini ya sufuria."

Siku ya tisa: "Wanarudishwa nyumbani saa sita. Wengine kesho yake hawaji."

Siku ya kumi na mbili hakupiga. Hiyo iliniuma zaidi.

Halafu mvua ikanyesha siku nne mfululizo, na turubai langu lina matundu kama chekeche.

Siku ya ishirini na mbili afisa akaniita, meno yote nje. Cheti kipya kimefika: bidhaa haina GMO. Nikashusha macho chini ya karatasi. Maabara ni ileile ya mjini kwetu. Sahihi ni ileile.

Nikampigia palepale mpimaji aliyetia sahihi, namba yake iko kwenye cheti.

"Wao hawana maabara, bwana, wanatuletea sisi," akasema. "Unga wako haukuwa na kitu tangu siku ya kwanza. Fomu ya huku ina kisanduku cha chini ya asilimia moja, ya kwao ina kisanduku cha haina. Mimi natia tiki tu."

Nilitaka kulia na kutukana kwa wakati mmoja. Nikaenda kufungua turubai. Unga umeshikana madonge, una ukungu wa kijani, na harufu yake inakaba koo.

"Mkuu, huu umeoza."

"Cheti kiko safi. Pita. Ukungu si kitengo changu."

Ningeweza kupita, jamani. Karatasi zilikuwa zimenyooka. Lakini nani angeupika huo, dada yangu? Awape watoto wa watu? Nikageuza lori.

Geti la kwetu, askari akanisimamisha. "Umebeba nini?"

"Unga wenu. Mlinigongea mhuri wenyewe wiki tatu zilizopita."

"Ulishatoka. Sasa unaingiza chakula nchini. Cheti?"

Nikampa cha zamani. Akasema cheti hudumu siku kumi na nne tu, hicho kimekwisha muda. Nikampa kipya.

Akakisoma taratibu. "Hiki kimeandikwa haina. Kwetu lazima iandikwe chini ya asilimia moja."

Nikazima injini.

Nikampigia dada, nikamweleza kila kitu bila kuficha. Akasema, "Usijilaumu, kaka. Mwalimu mkuu alifunga shule jana."

Nilichojifunza ni hiki, na wakubwa wakisoma sijali: mkikaa hotelini kumlinda mtu dhidi ya chakula, ulizaneni kwanza kama huyo mtu leo amekula.