Ng'ombe Aliyezidi Kioo cha Simu

Mnadani Mhunze juzi, mtaalamu aliyevaa tai alikuwa akisajili ng'ombe wa kuchanjwa kwa programu ya simu aliyoitengeneza mwenyewe. Ng'ombe asiyesajiliwa hachanjwi. Mama mmoja akaandika sifa za ng'ombe wake, kisha akahangaika na kioo.

“Baba, pa kuhifadhi pako wapi?”

“Kitufe kipo chini, mama. Tatizo ni uelewa wa mtumiaji.”

“Chini wapi? Nichimbe?”

Foleni ikacheka. Mtaalamu akaichukua simu, akasoma: “Mwekundu, madoa meupe ubavuni, pembe ya kushoto imeinama, mama yake alikuja na mahari ya dada.” Kadiri maelezo yalivyorefuka, kisanduku cha kuandikia kilikisukuma kitufe nje ya kioo, na ukurasa haukukubali kuteremshwa.

“Ulipoijaribu uliandika nini?” nikamuuliza kutoka kwenye foleni.

“‘Ng'ombe’,” akajibu, akilegeza tai.

Akafungua kompyuta juu ya boneti ya gari lake, akarekebisha, akaiweka programu upya. Mama akaandika tena, akateremsha ukurasa, kitufe kikajitokeza. Kigelegele!

Uelewa wa mtumiaji haukuwa na kasoro. Uliopungua ni uelewa wa mtaalamu kuhusu ng'ombe.

“Nisihifadhi kwanza,” mama akajizuia. “Sijauelezea mkia.”

“Elezea, mama,” akasema mtaalamu. “Sasa ng'ombe mzima anaenea kiooni.”